Uteuzi wa Vitabu vya Marejeo kuhusu Utendaji na Utunzaji wa Bastola za Kale: Ufafanuzi kwa Watafiti wa Historia ya Silaha katika Nyanda za Juu za Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mtafiti anavyoweza kuteua vitabu vya marejeo vinavyoaminika kuhusu utendaji na utunzaji wa bastola za kale. Eneo linalorejelewa ni nyanda za juu za Kigoma, hususani Kata ya Titye wilayani Kasulu na maeneo jirani ya Kibondo, ambako tawala tatu za kigeni zilifuatana na kila moja ilikuwa na silaha zake. Makala yanabainisha aina nne za marejeo, yanapendekeza vigezo vya kuyapima, kisha yanaonesha matumizi ya vigezo hivyo kwa mfano wa bastola ya Webley Mark VI. Aidha, yanajadili suala la istilahi za Kiswahili, nafasi ya gobole ambalo halina kitabu, na mipaka ya kisheria na kimaadili inayomhusu mtafiti. Hoja kuu ni kwamba hakuna kitabu kimoja kinachotosha: utambuzi, utendaji na utunzaji ni maswali matatu tofauti, na kila swali lina kitabu chake.

1.0 Utangulizi

Tafiti za historia simulizi katika Mkoa wa Kigoma hukutana mara kwa mara na kumbukumbu za silaha. Wazee husimulia habari za askari wa Wajerumani, wapagazi wa vita, Wabelgiji waliotoka ng'ambo ya ziwa, na Waingereza waliofuata. Katika masimulizi hayo hutajwa bunduki na bastola, na pengine mtafiti huoneshwa picha ya zamani, mkoba wa ngozi au chombo chenyewe kilichohifadhiwa katika makumbusho au kituo cha polisi. Hapo ndipo swali la marejeo linapozuka. Mtafiti aliyefunzwa isimu, fasihi au historia hana budi kueleza kitu cha chuma ambacho hakukisomea.

Kosa katika maelezo hayo lina madhara ya namna tatu. Kwanza, ni madhara ya kitaaluma: bastola iliyotengenezwa mwaka 1924 ikiandikwa kuwa ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hoja yote iliyojengwa juu yake huporomoka. Pili, ni madhara ya usalama: silaha ya miaka mia moja inaweza bado kuwa na risasi ndani, na mtu anayefuata maelezo ya bastola ya aina nyingine anaweza kujiua au kumuua mwenzake. Tatu, ni madhara ya kisheria na kijamii: katika mikoa inayopakana na nchi zilizopitia vita, tofauti kati ya kumbukumbu ya babu na silaha ya uhalifu inaweza kutegemea sentensi moja ya utambuzi. Kwa sababu hizo, uteuzi wa kitabu cha marejeo ni sehemu ya mbinu za utafiti, na mtahini ana haki ya kuuhoji.

2.0 Usuli: Tawala Tatu na Silaha Zake

Nyanda za juu za Buha zilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi mwaka 1916. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na vita vilipoanza mwaka huohuo eneo hili likawa mpaka wa mapambano na Kongo ya Wabelgiji. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba 1916 yaliiteka Tabora. Utawala wa Wabelgiji katika upande huu uliendelea hadi mwaka 1921, pale eneo lilipokabidhiwa kwa Waingereza kufuatia makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919. Waingereza waliitawala Tanganyika hadi uhuru mwaka 1961.

Mfuatano huo unamaanisha kwamba mtafiti anapaswa kujiandaa kwa mapokeo matatu ya silaha na lugha tatu za marejeo. Kwa upande wa Ujerumani, jeshi lilitumia bastola za silinda za mwaka 1879 na 1883, zinazojulikana kama Reichsrevolver. Baadaye likaja jina la Luger, bastola iliyopokewa na jeshi la majini mwaka 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka 1908, ambayo kwa hiyo huitwa P08. Kwa upande wa Ubelgiji, jeshi lilipokea mwaka 1900 bastola iliyobuniwa na Mmarekani John Browning na kutengenezwa na kiwanda cha FN kilichoko Herstal, karibu na Liège. Kwa upande wa Uingereza, bastola za Webley zilipokewa kuanzia mwaka 1887, na aina ya sita, yaani Mark VI, ikaidhinishwa mwaka 1915. Katika miaka ya 1930 nafasi yake ilianza kuchukuliwa na Enfield No. 2 yenye mtutu mwembamba zaidi.

Ni muhimu kukumbuka kwamba bastola ilikuwa silaha ya maofisa. Askari wa kawaida wa jeshi la Wajerumani alibeba bunduki, na kampuni nyingi zilipoanza vita bado zilikuwa na Mauser ya mwaka 1871 iliyotumia baruti ya moshi. Kwa hiyo masimulizi yanayompa askari wa kawaida bastola hayapaswi kukataliwa wala kukubaliwa papo hapo, yanapaswa kupimwa. Huenda msimulizi anataja silaha iliyotekwa, silaha ya ofisa aliyemtumikia, au anatumia neno bastola kwa maana ya silaha yoyote fupi, ikiwamo bunduki iliyokatwa mtutu.

3.0 Aina za Vitabu vya Marejeo

Vitabu vinavyohusu bastola za kale vinaweza kugawanywa katika makundi manne. Kuyachanganya makundi haya ndicho chanzo kikuu cha makosa.

3.1 Vitabu vya jumla

Kundi la kwanza ni la vitabu vinavyojumuisha silaha za dunia nzima. Mifano inayofahamika ni Small Arms of the World, kilichoanzishwa na W. H. B. Smith na kuendelezwa na wahariri wengine hadi toleo la 12 la Edward Ezell la mwaka 1983, na Pistols of the World cha Ian Hogg na John Weeks cha mwaka 1978. Vitabu hivi vina faida ya upana. Mtafiti asiyejua kabisa kilicho mbele yake huanza humo, akilinganisha umbo, alama na ukubwa wa risasi. Udhaifu wake ni kwamba silaha iliyotengenezwa kwa miaka thelathini katika aina kumi hupewa ukurasa mmoja au miwili. Kitabu cha jumla humwambia mtafiti jina la ukoo wa silaha. Hakimwambii ni mtoto yupi.

3.2 Vitabu mahususi vya historia na aina

Kundi la pili huchunguza bastola moja au kiwanda kimoja. Kuhusu Webley, kitabu cha William Chipchase Dowell, The Webley Story (1962), kilikuwa msingi kwa muda mrefu, na kazi ya Gordon Bruce na Christien Reinhart, Webley Revolvers (1988), iliujenga upya msingi huo. Kuhusu Luger, kitabu cha Fred Datig cha mwaka 1955 kilifungua njia, lakini kazi ya juzuu tatu ya Joachim Görtz na Geoffrey Sturgess imeenda mbali zaidi kwa kutumia nyaraka za Kijerumani. Kuhusu bastola za Browning zilizotengenezwa Ubelgiji, kazi ya Anthony Vanderlinden, FN Browning Pistols, ndiyo inayorejelewa zaidi. Vitabu vya kundi hili hueleza alama za ukaguzi, namba za mfululizo na mabadiliko ya mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, vingi viliandikwa kwa ajili ya wakusanyaji, na baadhi hutilia mkazo uhaba na thamani kuliko utendaji.

3.3 Miongozo ya kijeshi

Kundi la tatu ni maandiko rasmi ya majeshi yaliyotumia silaha hizo. Wizara ya Vita ya Uingereza ilitoa Textbook of Small Arms katika matoleo ya mwaka 1909 na 1929, pamoja na vijitabu vya mafunzo na maelekezo ya mafundi wa silaha. Majeshi ya Ujerumani na Ubelgiji nayo yalikuwa na kanuni zao. Ubora wa miongozo hii ni kwamba iliandikwa wakati silaha ilipokuwa kazini, kwa risasi na mafuta ya wakati huo. Inaonesha kilichotakiwa kufanywa kila siku, kila juma na baada ya kufyatua. Udhaifu wake ni kwamba inamchukulia msomaji kuwa ni askari mwenye silaha mpya na fundi jirani. Haisemi lolote kuhusu silaha iliyochakaa, iliyorekebishwa au iliyokaa udongoni.

3.4 Vitabu vya mafundi

Kundi la nne ni vitabu vya karakana, vinavyoonesha hatua za kufungua na kuunganisha silaha. Mfano ni mfululizo wa J. B. Wood ulioanza mwaka 1979, ambao juzuu zake zimepangwa kwa aina za silaha na hutumia picha kwa kila hatua. Vitabu hivi humsaidia mtaalamu aliyeidhinishwa kujua chemchemi ipi hutoka kwa nguvu na pini ipi hutolewa kutoka upande upi. Havikusudiwi kuwa vyanzo vya historia, na mtafiti anayevinukuu kwa tarehe au idadi anavitumia nje ya kazi yake.

4.0 Vigezo vya Kupima Kitabu

Baada ya kulijua kundi, mtafiti anahitaji vigezo vya kupima kitabu chenyewe. Vigezo sita vifuatavyo vinapendekezwa.

Kigezo cha kwanza ni chanzo cha taarifa. Kitabu kizuri hueleza kama tarehe na idadi zimetoka katika daftari za kiwanda, nyaraka za jeshi au makadirio ya wakusanyaji. Pale vyanzo hivyo visipotenganishwa, takwimu zake zichukuliwe kuwa ni madai.

Kigezo cha pili ni utofautishaji wa aina. Kitabu kinachosema "Webley" bila kutenganisha Mark I hadi Mark VI hakifai kwa utambuzi, hata kama picha zake ni nzuri.

Kigezo cha tatu ni michoro. Mchoro wa mkato huonesha jinsi sehemu zinavyogusana ndani. Mchoro wa vipande vilivyotenganishwa huonesha idadi na mpangilio wa vipande. Picha ya nje pekee haiwezi kufafanua utendaji. Kwa mfano, katika Browning ya mwaka 1900 springi iliyo juu ya mtutu hufanya kazi mbili: hurudisha mbele sehemu ya juu inayoteleza, na pia huisukuma pini inayopiga fataki. Hakuna anayeweza kugundua jambo hilo kwa kuitazama bastola ikiwa imefungwa, na maelezo ya utendaji yanayoliruka jambo hilo yana pengo.

Kigezo cha nne ni toleo. Toleo jipya la kitabu mahususi kwa kawaida hurekebisha makosa, ilhali toleo la zamani la mwongozo wa kijeshi ndilo lenye thamani kwa sababu linaakisi wakati wake. Mtafiti ataje toleo alilolitumia, si jina la kitabu tu.

Kigezo cha tano ni tahadhari za usalama zinazohusu aina husika. Luger inatoa mfano ulio wazi. Mpini unaozuia risasi kutoka umewekwa ubavuni mwa sehemu ya juu ya silaha. Sehemu hiyo ya juu, hata ikiwa imeshatenganishwa na kitako, inaweza kufyatua risasi iliyobaki chemba endapo mpini huo utabonyezwa. Kitabu kinachoeleza ufunguaji wa Luger bila kuanza na ukaguzi wa chemba, na bila kutaja hatari hiyo, hakistahili kuaminiwa katika mambo mengine ya utunzaji.

Kigezo cha sita ni uwiano na vitabu vingine. Dai lililomo katika kitabu kimoja pekee liandikwe kama dai la kitabu hicho. Aidha, vitabu vitano vilivyonakiliana ni shahidi mmoja, si watano. Kwa hiyo mtafiti afuatilie dai hadi kwa aliyelitoa mara ya kwanza.

5.0 Matumizi ya Vigezo: Webley Mark VI

Ili kuonesha namna makundi na vigezo hivyo vinavyoshirikiana, ichukuliwe bastola ya Webley Mark VI kama kielelezo. Hii ni bastola ya silinda yenye matundu sita, inayokunjuka katikati. Mtu anapobonyeza kikamatio kilicho juu karibu na nyundo, mtutu na silinda huinama mbele, na kifaa cha kutoa maganda huyainua yote sita kwa pamoja. Kifyatulio kikivutwa, kipande cha ndani huizungusha silinda tundu moja, nyundo huinuka, kisha huangukia fataki.

Hatua ya kwanza ni utambuzi. Kitabu cha jumla kitaonesha kwamba silaha ni ya ukoo wa Webley. Kitabu mahususi kitaonesha kwamba Mark VI ina kitako cha mraba na mtutu wa inchi sita, ilhali aina nyingi zilizotangulia zilikuwa na kitako kilichopinda kama mdomo wa ndege. Vilevile kitaonesha kwamba kampuni ya Webley & Scott ya Birmingham iliitengeneza kuanzia mwaka 1915, kisha kiwanda cha serikali cha Enfield kikaitengeneza kati ya mwaka 1921 na 1926. Kwa hiyo alama ya Enfield kwenye fremu ya Mark VI inatosha kukanusha dai kwamba silaha hiyo ilitumika katika mapigano ya mwaka 1916. Hapa kitabu kinafanya kazi ya ushahidi: kinaweza kuirekebisha tarehe ya simulizi bila kumvunjia heshima msimulizi, kwa kuwa silaha ya miaka ya 1920 inaweza kuwa ilimfikia babu yake katika utumishi wa baadaye.

Hatua ya pili ni kubaini marekebisho. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Webley nyingi zilizouzwa nje ya jeshi, hasa Marekani, zilikatwa sehemu ya nyuma ya silinda ili zipokee risasi ya .45 ya bastola za Colt badala ya .455 ya asili. Risasi hiyo ina shinikizo kubwa kuliko lile ambalo silaha ilipimwa kulistahimili. Mwongozo wa kijeshi wa mwaka 1929 hauwezi kutaja jambo hili kwa sababu lilikuwa halijatokea. Kitabu cha jumla mara nyingi hakina nafasi ya kulitaja. Ni kitabu mahususi, au cha fundi makini, kitakachomwambia msomaji apime silinda na asiamini maandishi ya ukubwa wa risasi yaliyogongwa kiwandani.

Hatua ya tatu ni utendaji na hali ya silaha. Hapa kitabu cha fundi na mwongozo wa jeshi husomwa pamoja: mwongozo hueleza silaha inavyopaswa kuwa, na kitabu cha fundi hueleza mahali inapochakaa. Kwa bastola inayokunjuka, mahali hapo ni bawaba na kikamatio. Mtafiti hafanyi ukaguzi huo mwenyewe. Humwomba fundi wa silaha aliyeidhinishwa, kisha huandika alichoelezwa kwa istilahi sahihi.

6.0 Utunzaji: Kwa Nini Umri wa Kitabu ni Muhimu

Suala la utunzaji linaonesha kwa uwazi zaidi kwa nini kitabu kipya si lazima kiwe bora. Fataki za risasi za zamani zilikuwa na kloreti ya potasiamu. Risasi ilipofyatuliwa, ilibaki chumvi ya kloridi ya potasiamu ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na chuma huanza kula kutu ndani ya siku chache. Mafuta hayaiyeyushi, maji ndiyo huiyeyusha. Ndiyo maana miongozo ya jeshi la Uingereza ilisisitiza kumimina maji ya moto katika mtutu, kuukausha kabisa, kisha ndipo kupaka mafuta. Vitabu vya sasa, vilivyoandikwa kwa ajili ya fataki zisizo na chumvi hiyo, mara nyingi huanza moja kwa moja na kiyeyushi na mafuta. Mtu anayesoma kitabu kipya pekee atashindwa kueleza kwa nini mitutu ya bastola za zamani imejaa vishimo ilhali nje ni safi.

Katika nyanda za juu za Kigoma, ambako mvua huanza takribani Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, hoja ya unyevu ina uzito wa pekee. Mkoa huu una mfano wake maarufu wa utunzaji wa chuma. Meli ya Graf von Goetzen, ambayo leo inajulikana kama MV Liemba, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916 karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka injini zake grisi nzito kwa matumaini ya kuiibua baadaye. Meli iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kanuni iliyookoa injini ile ndiyo kanuni ya hifadhi ya bastola: kinachokihifadhi chuma ni utando unaokitenga na maji na hewa, si usafi wa kung'arisha.

Tofauti lazima iwekwe kati ya kuitunza silaha ili ifanye kazi na kuihifadhi kama kielelezo. Fundi wa jeshi alitakiwa kuondoa kutu na kubadilisha kipande kilichochakaa. Mhifadhi wa makumbusho hafanyi hivyo. Kutu, mikwaruzo na alama zilizofifia ni sehemu ya ushahidi. Msasa unaoiondoa kutu huiondoa pia namba ya mfululizo. Katika Luger, ambayo vipande vyake vingi vidogo vilipigwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya silaha, kubadilisha kipande kimoja ni kufuta sehemu ya historia yake. Kwa hiyo kitabu bora cha fundi kinaweza kuwa mshauri mbaya wa makumbusho. Marejeo ya utunzaji wa kielelezo yatafutwe katika vitabu vya uhifadhi wa vyuma.

7.0 Suala la Istilahi

Marejeo yote yaliyotajwa yako katika Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hukabiliwa na kazi ya pili, nayo ni kutafuta maneno. Msamiati wa msingi upo na ni wa kale: bunduki ina asili ya Kiarabu na bastola ina asili ya Kireno, mtutu au kasiba, kitako, baruti, fataki, risasi na ganda ni maneno yanayoeleweka na kuingizwa katika kamusi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015 zinafaa kusomwa kwa kulinganishwa, kwa kuwa Johnson aliandika wakati bunduki ya kushindilia ilikuwa bado inafahamika sana.

Pengo liko katika sehemu za ndani. Neno mtambo, kwa mfano, linaweza kutaja utaratibu mzima wa kufyatulia au kipande kimoja tu. Wazungumzaji wengi husema triga ilhali maandishi rasmi hutumia kifyatulio. Pendekezo ni kwamba mtafiti alitumie neno lililo hai, alifafanue kwa kazi ya kipande mara linapotokea kwa mara ya kwanza, na alishikilie hadi mwisho. Kuunda istilahi mpya kwa kila kipande hakumsaidii msomaji, na kutafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza huzaa majina ambayo fundi hayajui. Pale msimulizi anapotumia neno la Kiha, liandikwe kama lilivyotamkwa, kisha lielezwe. Lisigeuzwe kimyakimya kuwa neno la kamusi.

8.0 Gobole: Silaha Isiyo na Kitabu

Mtafiti anayetegemea vitabu pekee atakuwa na taarifa nyingi kuhusu silaha ya ofisa mmoja wa kigeni na taarifa chache kuhusu silaha iliyokuwa mikononi mwa wenyeji wengi. Silaha hiyo ni gobole, bunduki ya kushindilia kwa mdomo. Kuenea kwake kuna sababu ya kisheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, lakini uliacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo na kwa baruti ya kawaida. Hivyo bunduki ya teknolojia ya zamani ndiyo iliyoruhusiwa kumfikia Mwafrika, na ujuzi wa kuitengeneza ukaingia katika kazi ya uhunzi, ambayo ni ya kale huko Buha.

Kuhusu gobole hakuna mwongozo wa kiwanda wala orodha ya namba za mfululizo; marejeo ni watu. Hilo linabadilisha vigezo: ulinganishaji wa wasimulizi huchukua nafasi ya ulinganishaji wa matoleo. Hata hivyo, utengenezaji na umiliki wa gobole bila kibali ni kosa la jinai. Mtafiti anayeandika jina la mhunzi, kijiji chake na hatua za kazi yake anaweza kumpeleka mahakamani, na anaweza pia kuacha maelekezo ya kutengeneza silaha. Kinachohitajika kihistoria ni nafasi ya silaha katika jamii, si vipimo vyake.

9.0 Mipaka ya Kisheria na Upatikanaji wa Vitabu

Umiliki wa silaha nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogondogo, inayodai silaha ziwekewe alama na kumbukumbu zake zitunzwe. Umri wa bastola haumpi mtafiti ruhusa ya kuishika au kuisafirisha. Iwapo katika kazi ya uwandani, iwe Titye, Makere au Kibondo, ataoneshwa silaha isiyo na kibali, njia salama ni kutoigusa, kumshauri mwenyeji kuhusu kuisalimisha kwa utaratibu wa serikali, na kuwa ameeleza mapema, katika fomu ya ridhaa, mambo ambayo hataweza kuyafanya siri. Ahadi ya usiri isiyoweza kutimizwa ni kosa la kimaadili kabla haijawa kosa la kisheria.

Kuhusu upatikanaji, vitabu mahususi ni ghali na maktaba chache nchini zimevinunua. Mtafiti aanze na maktaba ya chuo chake na utaratibu wa kuazimana kati ya maktaba. Mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Kumbukumbu za Taifa hufaa kwa muktadha wa kiutawala, zikiwamo nyaraka za enzi ya Wajerumani. Miongozo ya zamani ambayo haki zake zimekwisha, kama vile Textbook of Small Arms ya mwaka 1909, hupatikana bila malipo katika maktaba za kidijitali. Kwa swali mahususi la alama au namba, barua fupi yenye picha kwenda makumbusho yenye mikusanyiko ya silaha, kama Royal Armouries ya Leeds au makumbusho ya silaha ya Liège, inaweza kufaa kuliko kununua kitabu kizima.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kitabu cha marejeo kuhusu bastola ya kale hupimwa kwa swali kinachojibu. Kitabu cha jumla hutaja ukoo, kitabu mahususi hutaja aina na mwaka, mwongozo wa jeshi hueleza matumizi na usafishaji wa wakati wake, na kitabu cha fundi hueleza ufunguaji. Mtafiti anayetumia kimoja kwa kazi ya kingine atakosea tarehe, ataharibu kielelezo au atahatarisha maisha. Katika nyanda za juu za Kigoma, ambako Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walifuatana ndani ya miaka michache, ulazima wa kulinganisha mapokeo matatu ni mkubwa zaidi. Inapendekezwa kwamba tasnifu zinazotaja silaha za kale zieleze, katika sura ya mbinu za utafiti, ni kitabu gani kilichotumika kwa utambuzi, ni toleo lipi, na ni nani aliyethibitisha kwamba silaha haikuwa na risasi kabla ya kupigwa picha.